Kufundisha Lugha kwa Simu bila Kumwanika Mwanafunzi

Safu ya Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Newala, Lindi Mjini, Mikindani, Nachingwea na Masasi. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wameguswa na jambo moja: simu na kompyuta zimeingia katika ufundishaji wa lugha, zimesaidia, na papo hapo zimechukua kitu kutoka kwa mwanafunzi ambacho hakuna aliyemwomba. Majina ya waandishi na ya shule zao tumeyaondoa, na barua ndefu tumezifupisha.

Swali kutoka Newala

Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya kata wilayani Newala. Watoto wetu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakifika kwetu karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, kwa hiyo vipindi vya darasani havitoshi kuwafungua midomo. Nilianzisha kundi la WhatsApp la wazazi, nikawa natuma sauti yangu nikisoma kifungu, nao wanafunzi wanajirekodi kwa simu za wazazi na kutuma humo humo wakieleza familia zao, kijiji chao, likizo yao. Kwa miezi miwili kazi ilikwenda vizuri sana. Kisha sauti ya mvulana mmoja, aliyechanganya l na r na kukosea maneno mawili matatu, ilitolewa nje ya kundi ikafika hadi kwa vijana wa stendi, ikawa inachezwa na watu wanacheka. Sasa mtoto yule hasemi kitu darasani, na mama yake amejitoa kwenye kundi. Je, niiache njia hii kabisa? Na nisipoiacha, niiendesheje?

Jibu

Marahaba, mwalimu. Usiiache. Mtoto ambaye Kiingereza anakisikia kwako tu, vipindi vichache kwa juma, anahitaji sikio lake lishibe kabla ulimi haujathubutu, na simu ya mzazi imempa kitu ambacho ubao haukuweza kumpa: sauti ya mwalimu wake mwenyewe, anayoweza kuirudia usiku mara 10 bila kumchosha mtu. Lililoharibika ni mwelekeo wa sauti. Sauti yako ilitoka kwako kwenda kwa wote, na hilo ni sawa, kwa kuwa wewe ni mtu mzima na hiyo ni kazi yako. Sauti ya mtoto nayo ikapelekwa kwa wote, ilhali mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kazi nayo, na mtu huyo ni wewe.

Ningependa tulitazame jambo hili kwa undani, kwa sababu somo la lugha lina hatari ambayo masomo mengine hayana. Mwanafunzi wa hisabati akikutumia kazi yake amekutumia hesabu. Mwanafunzi wa lugha akikutumia kazi yake amekutumia nyumba yao. Zifikirie mada tulizozizoea sisi walimu: familia yangu, nyumba yetu, nilivyotumia likizo, siku nisiyoisahau. Katika mikoa yetu hii ya kusini mtoto mkweli anayeulizwa habari za likizo huenda akasema kwamba alikuwa jandoni, na binti akaeleza alivyotoka unyagoni, mambo ambayo mila za Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao zinayafunga kwa wasiohusika. Msimu wa korosho ukifika atasema kwamba baba ameuza gunia kadhaa mnadani na malipo yameshaingia, na atataja kijiji bila kuulizwa. Mwingine atasema analelewa na bibi kwa sababu mama amevuka Ruvuma kutafuta riziki. Mwalimu alitaka tu kuona kama vitenzi vya wakati uliopita vinatumika sawasawa, wala hakukusudia kumtoa mtoto siri, lakini siri imeshatoka, tena kwa sauti ya mtoto mwenyewe.

Nalijua hili kwa uchungu. Miaka mingi kabla ya simu hizi, nikiwa mwalimu kijana, nilisoma mbele ya darasa insha ya msichana mmoja kwa kuwa iliandikwa vizuri kuliko zote, nikidhani ninamtukuza. Insha ilisimulia siku baba yake alipoondoka nyumbani. Nilipoinua macho nilimwona ameulaza uso juu ya dawati, na tangu siku ile mpaka alipomaliza kidato cha nne aliniandikia insha fupi, safi, zisizo na mtu ndani yake. Hata hivyo darasa lile lilikuwa na wanafunzi 40 tu, na insha ilirudi kwenye daftari lake. Sauti ya mvulana wako imo katika simu ambazo hata idadi yake hamwezi kuijua.

Sasa utaratibu. Watu wengi wamesikia kwamba ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa usimbaji fiche kutoka simu moja hadi nyingine, wakaona hilo linatosha. Usimbaji huo humzuia mtu wa nje kuusoma ujumbe ukiwa njiani, lakini haumzuii hata kidogo mtu aliyeupokea kihalali kuupeleka anakotaka, na katika kundi la wazazi 60 wapo wapokeaji 60, kila mmoja akiwa anaiona pia namba ya simu ya kila mwenzake. Kwa hiyo badilisha mpangilio wa kundi ili wasimamizi pekee ndio waweze kutuma ujumbe. Kundi libaki kuwa mahali pa sauti yako, vifungu vya kusoma na matangazo. Kazi ya mwanafunzi ije kwako peke yako, na ije kwa mpangilio wa kusikilizwa mara moja, ambao WhatsApp iliuongeza kwa ujumbe wa sauti Desemba 2023. Ujumbe wa namna hiyo ukishasikilizwa hauwezi kurudiwa wala kusambazwa. Jiandae basi na kalamu kabla ya kuufungua, usikilize pahali penye utulivu, na maoni yako uyaandike katika daftari la mtoto. Ikiwa kweli unataka kulinganisha matamshi ya mwanzo wa muhula na ya mwisho wake, jambo ambalo lina faida kubwa, basi hifadhi sauti chache katika kifaa cha shule na si katika simu yako binafsi, zipe namba badala ya majina, orodha ya namba ikae kwenye karatasi kabatini, na uwaambie wazazi tangu mwanzo ni tarehe gani sauti hizo zitafutwa. Tarehe ikifika, uzifute.

Badilisha pia kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapoona faida kubwa kuliko kwenye mipangilio ya simu. Mpe kila mwanafunzi kadi yenye mtu wa kubuni: mvuvi wa Msimbati mwenye watoto watano na ngalawa inayovuja, mshonaji wa Tandahimba anayemlea mdogo wake, dereva wa basi la Mtwara kwenda Masasi anayechukia mvua. Mwanafunzi azungumze akiwa mtu huyo. Nyakati za vitenzi atazitumia zile zile, msamiati utaongezeka kwa sababu atahitaji maneno ambayo nyumbani kwao hayatajwi, na mwenye haya atasema mengi zaidi akiwa nyuma ya mvuvi kuliko akiwa yeye mwenyewe. Sauti ile ikitoka nje kwa bahati mbaya, itakuwa imetoka habari ya mvuvi.

Kuhusu mvulana, usimwite ofisini. Nenda nyumbani kwao jioni, umwombe radhi mama yake kwa kinywa chako, kwa sababu kundi lilikuwa lako hata kama mkono uliosambaza haukuwa wako, kisha umwombe radhi mtoto mbele ya mama yake. Uwezo wa kumfutia kila mtu ujumbe uliotumwa hudumu takribani siku 2 tu na hauzifikii nakala zilizokwishapelekwa kwingine, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya watu: mkuu wa shule aitishe kikao cha wazazi, kila mmoja aifute sauti hiyo hapo hapo, na wazee wanaosikilizwa pale stendi waombwe kuzungumza na vijana. Darasani, kwa majuma kadhaa, soma kwa pamoja darasa zima, kisha makundi ya wanne, kisha wawili wawili, ili sauti yake irudi ikiwa imezungukwa na za wenzake. Na lile la l na r ulieleze waziwazi kwa wanafunzi wote, kwamba ulimi uliolelewa katika lugha ya nyumbani hubeba alama ya lugha hiyo, kama ambavyo Mwingereza anayejifunza Kiswahili huhangaika na ng’ ya ng’ombe.

Swali kutoka Lindi Mjini

Ndugu mhariri, binti yangu ana miaka 9 na anasoma shule ya binafsi hapa Lindi Mjini. Shule imetutaka wazazi wote tupakue programu ya kujifunzia Kiingereza na Kifaransa. Programu inaomba jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, picha yake, ruhusa ya kutumia maikrofoni, kuona mahali simu ilipo na kusoma orodha ya namba zangu za simu. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba wazazi wengine wamekwishajiunga na mimi ninamchelewesha mtoto. Je, ninayo haki ya kukataa?

Jibu

Ndugu mzazi, unayo haki ya kuuliza kwanza, na shule inao wajibu wa kukujibu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na familia yake, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazikusanya kwa lengo gani, achukue zile tu zinazohitajika kwa lengo hilo, azilinde, na asizitunze kupita muda wa mahitaji. Taarifa zinazohusu watoto imeziweka katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na zile za afya na za maumbile kama alama za vidole, na taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla. Mtoto kisheria ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo ridhaa hiyo inatoka kwako. Kubonyeza kitufe cha kukubali usiku, kwa sababu mwalimu wa darasa ametuma ujumbe kwamba kesho ndiyo mwisho, hakuwezi kuitwa ridhaa na mtu anayeiheshimu sheria hii.

Sasa upime kila ombi kwa kuuliza somo linalihitaji kwa kazi gani. Maikrofoni ina kazi: mtoto anayejifunza kutamka hana budi kusikika, ingawa anaweza kuruhusiwa kuitumia wakati wa zoezi tu. Darasa alilopo lina kazi, ili mazoezi yamfae. Tarehe kamili ya kuzaliwa haina. Jina la kujitungia linatosha mahali pa jina kamili, na mchoro wa tembo unatosha mahali pa picha. Mahali simu ilipo hapahusiani na vitenzi vya Kifaransa kwa njia yoyote ninayoweza kuifikiria, na orodha yako ya namba ni mali ya ndugu, majirani na wafanyabiashara wenzako ambao hawakuulizwa. Simu za Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, huomba ruhusa hizi moja moja na kukuachia ukatae, na hata uliyoitoa jana unaweza kuiondoa leo kwenye mipangilio. Kataa hizo mbili za mwisho, kisha uone kama masomo yanafunguka. Mara nyingi hufunguka. Yasipofunguka, utakuwa umejua kwamba programu hiyo ina kazi nyingine mbali na kufundisha.

Wala hofu yako si ya mtu aliyepitwa na wakati. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa matokeo ya uchunguzi wa bidhaa zaidi ya 160 za elimu ya mtandaoni ambazo serikali 49 zilizipendekeza wakati wa UVIKO-19, likakuta kwamba karibu 9 katika kila 10 zilikuwa na mwenendo uliohatarisha au kukiuka haki za watoto, nyingi zikiwa zinapeleka taarifa zao kwa makampuni ya matangazo. Hizo ni bidhaa zilizopita mikononi mwa wizara za elimu. Nakushauri uiandikie shule barua fupi yenye maswali manne: taarifa gani zinachukuliwa, nani mwingine anazipata, zinatunzwa nchi gani, na zitafutwa lini mtoto akihama. Uombe pia njia mbadala ya kufanya mazoezi hayo, ili kukataa kwako kusimgharimu mtoto alama. Usipopata jibu, mlango wa Tume uko wazi kwa malalamiko, na sheria inampa mhusika haki ya kujua taarifa zake zilizoshikwa na kutaka zilizokosewa zirekebishwe.

Lililobaki ni la kibinadamu zaidi kuliko la kisheria. Huenda shule yenyewe haijui programu hiyo inachukua nini. Walimu wengi walianza kutumia vifaa hivi kwa haraka shule zilipofungwa Machi 2020, wakavizoea, na hakuna aliyerudi nyuma kuvisoma masharti. Ukienda kama mzazi anayetaka kusaidiana nao, utasikilizwa upesi kuliko ukienda kama mlalamikaji.

Swali kutoka Mikindani

Ninafundisha Kiswahili wageni watu wazima, baadhi wakiwa hapa Mikindani na wengine wakiwa kwao Ulaya, kwa njia ya video. Somo hurekodiwa ili mwanafunzi alirudie. Ningependa kutumia vipande vya rekodi hizo kutangaza darasa langu. Kwa kuwa ni watu wazima na wameniona nikirekodi, je, kuna tatizo?

Jibu

Lipo. Mtu aliyekubali kurekodiwa ili arudie somo hakukubali kurekodiwa ili atangaze biashara. Lengo limebadilika, na lengo likibadilika ridhaa huombwa upya. Sheria yetu ndivyo inavyotaka, na Kanuni za Umoja wa Ulaya za ulinzi wa taarifa, zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, zinaweza kumfikia hata mtu aliye nje ya Ulaya anayewauzia huduma watu walioko huko. Mwombe kila mmoja kwa maandishi, umwonyeshe kipande chenyewe, na umwache akatae bila kukueleza sababu. Au tangaza kwa sauti yako mwenyewe: anayetafuta mwalimu wa Kiswahili anataka kumsikia mwalimu.

Swali kutoka Nachingwea

Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari wilayani Nachingwea. Mtandao wetu ni hafifu, na siku ukikatika hukatika kweli. Wafadhili wamejitolea kutuletea vishikwambi 30 vyenye programu ya kufundishia Kiingereza, na wanaomba tuwatumie kwanza orodha ya wanafunzi wote: majina, umri, jinsia, dini, hali ya uyatima na picha. Walimu wangu wanaogopa kwamba tukiuliza maswali mengi msaada utakwenda shule nyingine. Tufanyeje?

Jibu

Mwalimu mwenzangu, hofu ya walimu wako naielewa, maana anayegawa ana nguvu juu ya anayepokea, na shule yenye uhaba wa vitabu haipendi kuonekana yenye maneno mengi. Lakini mfadhili mwema anayetaka kujua kama vifaa vyake vinatumika anahitaji hesabu, wala hahitaji watu. Mwandikieni kwamba shule ina wanafunzi wangapi katika kila kidato, wasichana wangapi na wavulana wangapi, na kwamba mtampelekea kila muhula wastani wa alama za Kiingereza. Dini ya mtoto na kufiwa kwake na wazazi havimwongezei msamiati. Orodha inayosema ni nani yatima na ana sura gani, ikipotea katika barua pepe ya mtu, ni hatari ambayo ninyi mlioko Nachingwea hamtaweza kuizima. Sikumbuki kuona mfadhili wa kweli akiondoka kwa sababu alijibiwa kwa heshima na kwa sababu zilizo wazi.

Kuhusu mtandao, udhaifu wake kwenu unaweza kugeuzwa kuwa ukuta wa kuwalinda wanafunzi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi kadhaa jirani, na masomo yanayotegemea mtambo wa mbali ndiyo huumia siku kama hiyo. Upo mfumo unaoitwa Kolibri, uliotengenezwa na shirika la Learning Equality, ambao hutolewa bure na una sura ya Kiswahili: kompyuta mpakato moja hubeba masomo, video na mazoezi, na vishikwambi vilivyo chumba kile kile huunganishwa nayo kwa mawimbi ya ndani bila intaneti kabisa. Kwa namna hiyo alama na makosa ya mwanafunzi hukaa katika kompyuta ya shule. Majina ya kuingilia mnayatunga wenyewe, kwa hiyo wekeni namba ya darasani mahali pa jina kamili. Vitabu vya kiada navyo mnaweza kuvipata katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mkavisoma bila kumsajili mtoto popote.

Kompyuta hiyo sasa ndiyo itakuwa kabati lenu. Iwe na nywila inayojulikana na watu wawili tu, na mwalimu akihama nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo. Nakala ya akiba ikae kwenye kihifadhi kilichofungwa kwa nywila pia, ndani ya sefu ya shule, maana mwizi wa kompyuta huiba na alama zilizomo. Vishikwambi visirudi nyumbani na walimu vikiwa na kazi za wanafunzi ndani yake. Nasema hivi kwa sababu vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022 na baadaye kugawiwa kwa walimu vimekuwa, katika nyumba nyingi nilizotembelea, runinga ya watoto. Na kabla ya wafadhili kuwasha programu yao, mwalimu mmoja wa Kiingereza akae nayo siku nzima kama mwanafunzi, kuanzia ukurasa wa kujisajili mpaka zoezi la mwisho, akiandika kila kitu anachoulizwa. Karatasi hiyo iletwe kwenye bodi ya shule ikazungumzwe.

Swali kutoka Masasi

Shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha nne, nina miaka 17, ninasoma Masasi. Wakati wa likizo natumia simu ya kaka yangu kuzungumza kwa Kiingereza na programu ya akili unde, na Kiingereza changu kimekuwa kizuri kwa kweli. Lakini siku moja nilikuwa na huzuni, nikaiandikia mambo mengi ya nyumbani kwetu, na ugonjwa wa mama, na majina ya watu. Sasa nina wasiwasi. Je, kuna mtu anayesoma? Ninaweza kuyafuta?

Jibu

Marahaba, binti yangu, na pole kwa ugonjwa wa mama. Hukufanya kosa la kumwonea mtu aibu. Ulikuwa na jambo zito, na mbele yako kulikuwa na kitu kinachojibu kwa upole saa yoyote, katika lugha ambayo nyumbani hakuna mwingine anayeielewa vizuri. Hata mtu mzima angesema.

Ulichoandika hakikubaki ndani ya simu. Kilisafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni yenye programu, nje ya nchi, na makampuni haya katika masharti yao hujiachia nafasi ya kutumia mazungumzo kuiboresha programu, na ya wafanyakazi wao kuyapitia baadhi yake. Hakuna mtu aliyekaa akikusoma wewe, lakini huwezi pia kusema hakuna atakayesoma kamwe. Mwombe kaka yako simu leo, ufungue orodha ya mazungumzo, uyafute hayo yenye habari za nyumbani, kisha uingie kwenye mipangilio utafute pale panapouliza kama mazungumzo yatumike kuifunza programu, upazime. Ikiwa unayotumia ni ChatGPT, wenyewe, kampuni ya OpenAI, wanaeleza kwamba mazungumzo yaliyofutwa huondolewa kwenye mitambo yao ndani ya siku 30, isipokuwa pale sheria au usalama unapowalazimu kuyatunza. Wanataka pia aliye chini ya miaka 18 aitumie kwa idhini ya mzazi au mlezi, kwa hiyo mweleze mama au baba unachojifunza humo. Huna haja ya kuwaeleza ulichoandika siku ile.

Usiache mazoezi, kwa sababu mtihani wa kidato cha nne uko mbele yako. Ila kuanzia sasa mlete mtu wa kubuni. Mpe jina, mpe mji usio wako, mpe shida zake, na uzungumze kupitia kwake. Unapotaka kusahihishiwa insha yako mwenyewe, badilisha kwanza majina ya watu na ya mahali, ondoa jina la shule na namba ya mtihani, ndipo uiingize. Na kumbuka kwamba programu hizi hukosea zikiwa na uhakika mwingi; maelezo ya kisarufi inayokupa yalinganishe na kitabu chako cha darasa, hasa usipoelewa sababu ya sahihisho.

Yale ya mama yaandike tena, kwa Kiingereza ukitaka, lakini kwenye karatasi. Shule zikifunguliwa, kama kuna mwalimu wa kike unayemwamini, au mwalimu wa malezi, mpelekee akayasome ukiwa umekaa naye, kisha karatasi uichukue urudi nayo.